Tawi la Mbaazi Kwenye Ukuta wa Duka

Nyinyi wasichana mnaopita hapa kwangu kuazima mkasi na sindano, kila mkija mnanikuta nimesimama, na kila mkija mnaniambia, "Susu," yaani bibi kwa Kikamba chetu, "si ukae chini upumzike." Kukaa ndiko nisikokujua. Miaka yangu yote ya kushona maua, ni mikono tu iliyotulia juu ya kitambaa. Mwili uliobaki ulikuwa ukizunguka duka: toa hiki ukutani, tundika kile, sogeza meza mlangoni, irudishe ndani. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye hakuoa mke, alioa kuku anayetafuta mahali pa kutagia.

Juzi mmoja wenu alinionyesha kitabu cha picha kilichotoka Nairobi, kurasa kwa kurasa za maua ya rangi. Akanieleza kwamba mteja anapewa kitabu, anafungua, anachagua, na mashine ya umeme inafanya iliyobaki. Nikamuuliza, "Na wewe unafanya nini mteja akifungua kurasa?"

"Namngoja."

Neno hilo limenizungusha uwanjani wiki nzima. Kazi yenyewe iko hapo hapo mnapongoja! Basi wacha niwaambie niliyoyaona, nanyi mtachukua la kuchukua.

Kwanza mjue sisi tulisema maua kwa kila kitu. Ndege ni maua, msalaba ni maua, jina la bwana harusi kwenye foronya ni maua. Mtu alikuja akasema anataka vitambaa vya viti, vya maua, nawe ukajua huenda anataka twiga.

Nilijifunzia Kanyangi, miaka ya sitini, kwa mama mmoja aliyeitwa Kalekye. Duka lake lilikuwa chumba kimoja: upande huu sukari, chumvi na mafuta ya taa, upande ule maua. Foronya zilinukia mafuta ya taa mpaka watu wakaamini ndiyo harufu ya foronya mpya. Nilipofika nilitaka kushika sindano siku ile ile. Kalekye akakataa. Akanipa kazi ya kuwaonyesha wateja.

"Kushona utajifunza," aliniambia. "Hata mvivu hujifunza kushona. Lakini ukimwonyesha mtu vibaya, atabeba kitu asichokipenda, akakitandike nyumbani kwake, awe anakiangalia kila siku akikuchukia."

Alinifundisha nisimuulize mteja anataka maua gani, kwa sababu hajui. Nimuulize kitambaa ni cha nani na kitakaa wapi. Kikiwa cha kiti, nikitandike kwenye kiti, kisha nimkaribishe akae. Kikiwa cha shingo ya gauni, nimwekee begani mwake mwenyewe, si ukutani. Nisimtandazie mengi kwa mara moja, maana macho yake yataanza kukimbia na atasema atarudi siku ya soko. Nimpeleke mlangoni aone rangi kwa mwanga wa jua. Nigeuze kitambaa aone nyuma, kwa maana fundi anayeficha nyuma ana mafundo huko. Na nitazame mkono wa mteja, si mdomo. Mdomo utasifu kile anachokipenda jirani aliyekuja naye. Mkono utarudi wenyewe kwa kile anachokitaka.

Hilo la mkono lilikuwa kweli, lakini nilikuwa sina subira nalo. Mteja akisitasita, mimi nilianza kurukaruka. "Ama hiki? Ama hiki?" Kalekye akiwa upande wa sukari alipiga kaunta kwa kofi moja. Ilikuwa alama yetu ya kuninyamazisha.

Nilipoolewa Kilungu nilifungua duka langu pale njia panda, mahali wanaposhuka watu wanaotoka barabara ya Mombasa kabla ya kupanda milima kwa miguu. Duka lilikuwa dogo hivi kwamba mteja akiinama kuangalia kitambaa, mwingine alilazimika kutoka nje. Nikajaza ukuta wote. Upande wa mlango ulipigwa na jua la mchana, nami sikujua jua linavyokula rangi. Maua yangu mekundu yakageuka kuwa rangi ambayo haina jina. Akaja msichana mmoja aliyekuwa anaolewa, akanyoosha kidole hapo hapo.

"Nataka rangi hii."

"Hiyo ni nyekundu iliyozeeka," nikamwambia.

"Basi nizeeshee na yangu."

Nikamshonea kwa nyekundu, nikaanika vitambaa juu ya mabati mpaka vikachoka. Alifurahi sana. Mpaka leo nikipita kwao naviona vile vitambaa, sasa ni vyeupe kabisa, na yeye anasema vimekaa vizuri.

Halafu kuna mikono. Watu walitoka sokoni na mikono ya maembe, ya parachichi, ya mafuta ya kupikia, na wote walitaka kushika. Nikafunika maua yote kwa nailoni. Mauzo yakafa, maana mwanamke hawezi kununua kitu ambacho vidole vyake havijakisikia. Nikatoa nailoni, nikaweka kitambaa kimoja kaunta, kazi yake kushikwa tu. Kikichafuka nafua, kikiraruka nashona kingine. Weka na wewe kitambaa cha kushikwa. Kitabu cha picha hakishikiki.

Sasa niwaambie juu ya mbaazi.

Kulikuwa na mama jirani, Mwikali, mkulima, mikono yake migumu kwa jembe hata sindano ilimponyoka. Lakini kuchora! Alikuwa akipita dukani akitoka kuuza parachichi, anakaa kwenye gunia, anachukua kipande cha mkaa na karatasi ya kaki, anachora huku akisimulia habari za ng'ombe wake. Siku moja alichora tawi la mbaazi. Majani matatu matatu kama yalivyo shambani, maua madogo ya manjano, maganda yanayoning'inia. Akaliacha kwenye kaunta kama mtu anavyoacha ganda la ndizi. Nikaitoboa ile karatasi kwa sindano kufuata mistari, nikafunga unga wa mkaa ndani ya kitambaa chepesi, nikapigapiga juu yake, na mchoro ukashuka kwenye kitambaa cheupe nukta kwa nukta. Hivyo ndivyo tulivyohamisha maua kabla ya karatasi ya kaboni kufika kwetu. Nikalishona, nikalitundika katikati ya ukuta. Nilitaka kuwaambia watu limechorwa na nani, Mwikali akakataa.

"Mimi ni mkulima," alisema. "Wakijua nachora watasema ndiyo maana shamba langu lina magugu."

Rafiki yake mkubwa alikuwa Nduku. Waliolewa msimu mmoja, boma zao zikipakana, na kanisani walikaa benchi la mwisho, kwa sababu kila Jumapili walichelewa wakitoka kuteka maji. Nduku alikuwa mwenyekiti wa wamama wa kanisa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. Mwikali peke yake ndiye aliyeweza kumchekesha.

Kisha kanisa likagawanyika. Vijana walitaka ngoma na gitaa, wazee wakakataa, maneno yakaingia, na Jumapili moja nusu ya watu wakasimama katikati ya ibada wakatoka. Walijenga kibanda cha mabati chini ya njia panda. Mwikali alitoka nao kwa sababu watoto wake walikuwa wametoka. Nduku alibaki. Wazee wa kanisa la zamani, lile la juu mlimani, wakatangaza kwamba walioondoka wasisalimiwe mpaka warudi. Mlima wote ukawa kama nyumba yenye mgonjwa. Ulikutana na mtu njiani ukaanza kuhesabu moyoni: huyu ni wa juu au wa chini? Nimsalimie au niangalie miti? Mimi wateja wangu walikuwa wa pande zote mbili. Jumapili nilikuwa nabaki nyumbani nikijifanya kifua kinaniuma.

Ndipo Nduku akaja dukani, peke yake. Akasema wamama wa kanisa wanataka kitambaa kipya cha mimbari.

Nikamuuliza kama nilivyofundishwa: kitakaa wapi, mwanga unatoka upande gani, watu watakiona kutoka umbali gani. Alijibu, lakini mkono wake ulikuwa tayari umeinuka kuelekea ukutani. Ukatua kwenye tawi la mbaazi.

Kati ya maua yote ya duka, anachukua ya Mwikali, kwa kanisa lililomkataza salamu. Nikaanza kurukaruka vile vile kama zamani. Nikamtolea njiwa. Nikamtolea zabibu. Nikatandaza msalaba wenye miale ya jua niliokuwa nimeushona kwa uzi wa kung'aa.

"Mama mwenyekiti, mbaazi ni ya jikoni. Watu watasema nini wakiona mbaazi kwenye mimbari?"

"Watasema amina," akajibu. "Kwani mbaazi iliumbwa na nani? Nishonee hiyo, Ndunge."

Hakugusa kingine hata kimoja. Mkono ulikuwa umesema.

Nilianza kazi nikiwa na wasiwasi wa mtu aliyeweka maziwa motoni akatoka nje. Lile tawi la ukutani nililitoa, nikalificha chini ya kaunta. Baadaye nikaona ukuta una pengo, watu watauliza, nikalirudisha. Baadaye nikalitoa tena. Nilishona majani nikayafumua, si kwa sababu yalikuwa mabaya, ni kwa sababu mikono ilitaka kurudi nyuma.

Mwikali alinikuta nimeegemeza fremu ya kushonea kwenye kaunta. Alikuwa amekuja kunipa chumvi niliyomwagiza. Akaangalia kitambaa.

"Hiki ni kikubwa. Ni cha nani?"

"Cha kanisa."

"Lipi?"

Nikashusha macho. "La juu. Ni Nduku aliyechagua. Mwikali, mimi nilimwonyesha mengine, ningeapa mbele ya—"

"Ndunge, tulia." Akakaa kwenye lile gunia lake. Akaokota kipande cha mkaa, akakigeuzageuza vidoleni. Kisha akasema, "Shona. Lakini usimwambie ni mimi niliyechora. Akijua ataacha, kwa sababu ya wazee. Na mbaazi haijamkosea mtu."

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Watu wa chini walipata habari, maana mmoja wao aliwahi kumkuta Mwikali akilichora dukani kwangu, pamoja na siri yake yote. Wakasema nimechukua ua la mtu wao nikawapa watu wa juu. Waliokuwa wameagiza sare za kwaya hawakurudi. Watu wa juu nao wakaanza kuuliza kwa nini ninaonekana nikizungumza na wa chini kila siku. Wakapita mlangoni kwangu wakiangalia miti. Asubuhi nilifungua duka, nikapanga maua, nikayapanga upya, nikafagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeingia. Mume wangu akaniambia nirudi Kanyangi nimuulize Kalekye la kufanya. Nilikwenda. Kalekye alikuwa amezeeka, anaonyesha kwa kidole tu, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Nduku," akauliza, "mkono wake ulitafuta kwanza, ama ulikwenda moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Basi wewe unahangaika kwa nini? Maliza kazi ya watu."

Sikumwelewa. Nilirudi Kilungu nikiwa nimekasirika kwamba nimetumia nauli kusikia maneno hayo.

Nikamaliza. Majani niliyaongeza ukubwa, na maganda niliyapa uzi wa rangi mbili ili yasilale bapa. Nduku alikuja kukichukua mchana, jua likiwa kali. Nilimpeleka mlangoni, nikakifungua chote mbele ya mwanga, nikakigeuza aone nyuma. Alipitisha kidole kwenye maua ya manjano polepole sana. Mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza, na nilinyamaza mpaka kidole kilipofika mwisho wa tawi tu.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "siwezi. Ukikipeleka kule juu halafu uje kusikia kwa watu, utaniona mwongo. Tawi hili lilichorwa na Mwikali."

Nduku aliendelea kuangalia kitambaa.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Ndunge, wewe ni mtoto? Tangu tulipoolewa, tukingoja maji kisimani, Mwikali anachora tawi hili kwenye vumbi kwa kijiti. Mvua ya kwanza mpaka ya mwisho, tawi ni hili hili. Nimelikanyaga mara ngapi nikibeba mtungi. Siku niliyoliona ukutani kwako nilikaribia kucheka peke yangu."

"Sasa kwa nini..."

"Wazee walikataza salamu." Akakunja kitambaa, akakiweka kwapani. "Hawakukataza mbaazi. Mimi ni mwenyekiti, siwezi kwenda kinyume chao mbele ya wamama. Lakini benchi lile, nikikaa pale sasa, napepesuka kama mtu aliyekatwa upande. Nikasema basi, angalau niwe na kitu chake cha kuangalia, mhubiri akirefusha maneno."

Akaondoka kuelekea kanisani. Alitembea kwa haraka, na mimi nikabaki mlangoni na pini mdomoni.

Siku nyingine ningepanga ukuta upya. Siku hiyo nilifunga duka jua likiwa utosini, jambo ambalo sijawahi kulifanya isipokuwa kwa msiba, nikashuka njia ya mashamba karibu nikimbie. Mwikali alikuwa anapalilia. Nilimwita nikiwa bado upande wa pili wa mtaro, nikamweleza yote kwa pumzi moja, na pumzi ilipokwisha akaniambia nianze tena.

"Amesema hivyo? Kuhusu benchi?"

"Amesema hivyo."

"Rudia."

Nikarudia. Akaegemeza jembe kwenye mti, likaanguka, hakuliokota. Akajifuta mikono kwenye leso, kisha akaanza kupanda mlima. Hakuniambia tunakwenda wapi. Nilimfuata. Njiani tulikutana na wazee wawili wa juu. Mmoja akaanza kuangalia miti, kisha akaona tunakoelekea, akasahau miti, akabaki kututazama.

Kanisani hapakuwa na mtu mwingine. Nduku alikuwa amepanda juu ya kiti, anabana kitambaa kwenye mimbari. Alisikia miguu akageuka. Wanawake wale wawili wakaangaliana. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango. Hakuna aliyesalimia.

Mwikali akaenda mpaka mbele. Akainama, akaangalia kitambaa kwa karibu, akashika jani moja kati ya vidole.

"Majani haya ni makubwa," alisema. Hakusema kwa Nduku. Alisema kwangu. "Mimi sikuchora hivi."

"Niliyaongeza," nikajibu kutoka mlangoni, "ili watu wa nyuma waone."

"Watu wa nyuma ni nani? Si ni sisi? Nani alikwambia hatuoni?"

Nduku akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikubwa, akalazimika kushika mimbari asianguke kutoka kwenye kiti. Akashuka, akapita katikati ya mabenchi bado anacheka na kujifuta macho, mpaka akafika lile la mwisho. Akakaa. Akajisogeza ukutani, akaacha nafasi.

Mwikali aliiangalia ile nafasi.

"Siwezi kukaa," alisema. "Nimefunga mbuzi juani." Kisha akaenda akakaa.

Makanisa yale bado ni mawili mpaka leo, na ngoma za chini husikika juu mhubiri akiomba. Wateja walirudi kidogo kidogo, wengine hawakurudi. Lakini ile siku mimi niliketi. Niliketi kwenye ngazi ya kanisa bila kazi mkononi, jua likahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na wale wawili wakiwa ndani kwenye benchi la mwisho, wanazungumza habari za ng'ombe.